Neno "Mshenzi"

Neno mshenzi twalisikia kila siku, sokoni na njiani. Zamani halikuwa tusi la adabu mbaya tu. Watu wa miji ya pwani walijiita waungwana, yaani watu huru. Mtumwa mwanamume aliitwa mtwana, na mwanamke mjakazi. Na mtu wa bara asiye Mwislamu, hata awe mpole namna gani, alikuwa mshenzi. (Ustaarabu nao, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuwa kama Mwarabu.) Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Mtwana sasa twamsikia kwa nadra. Mshenzi angali yupo, na mtu wa bara humtupia mwenzake wa bara neno walilodharauliwa nalo babu zao wote wawili.