Muda wa Kushika Uongozi

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Methali hii, msomaji, huwafaa sana watu waliopewa madaraka na wenzao. Kuupata uongozi kwa kura ni kazi. Kuuacha kwa hiari ni kazi kubwa zaidi. Kwa ajili hiyo mataifa mengi yameona heri kuandika katika Katiba zao kiasi cha miaka ambayo Rais aweza kutawala. Na tuitazame historia ya nchi yetu na ya jirani zetu wawili, tujue kama kikomo hicho kina faida au hapana.

Wako watu wasemao kwamba kikomo ni dhuluma kwa mpiga kura. Mtawala akiwa mwema, kwa nini wananchi wakatazwe kumchagua tena? Na akiwa mbaya, si watamwondoa wao wenyewe kwa kura? Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Walakini yatupasa tuipime kwa mambo yaliyotendeka.

Kenya ilipokuwa Jamhuri mwaka 1964, Katiba haikumwekea Rais kikomo. Mzee Jomo Kenyatta alitawala mpaka alipofariki mwaka 1978, akafuatwa na Daniel arap Moi. Katika chaguzi za 1969, 1974, 1979, 1983 na 1988 wabunge walishindana, na wengi wakaangushwa. Lakini katika kiti cha Rais hapakuwa na mshindani hata mmoja. Chama cha upinzani, KPU, kilipigwa marufuku mwaka 1969, na mwaka 1982 sheria ikaruhusu chama kimoja tu, KANU. Basi mpiga kura angemwondoaje Rais, naye hakupewa jina la pili la kuchagua? Haki hiyo hakuipata mpaka Desemba 1992. Hapo ndipo penye siri ya jambo hili: mwenye kukaa sana juu ya kiti kikuu hupata uwezo wa kuziba njia ambayo mwingine angeipitia.

Mapema katika miaka ya 1990 sheria yetu iliweka kikomo cha vipindi viwili vya miaka mitano. Rais Moi alishuka Desemba 2002, baada ya miaka 24. Mwai Kibaki alishuka mwaka 2013, na Uhuru Kenyatta mwaka 2022.

Tanzania ilitangulia. Kikomo kiliandikwa mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mwalimu Julius Nyerere akang'atuka kwa hiari yake. Ali Hassan Mwinyi, Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete walitawala miaka kumi kila mmoja, kisha wakamwachia mwingine. Uganda nayo iliandika vipindi viwili katika Katiba ya 1995. Lakini mwaka 2005 wabunge wakakifuta kikomo hicho, na Rais Yoweri Museveni, aliyekwisha kuchaguliwa mwaka 1996 na 2001, akagombea tena mwaka 2006.

Pengine utauliza: je, ujuzi wa kiongozi aliyestaafu haupotei? Haupotei, kama mwenyewe yu tayari kuutoa. Mwaka 2008, nchi yetu ilipokuwa ikiwaka moto baada ya uchaguzi, miongoni mwa wazee waliokuja pamoja na Kofi Annan kutupatanisha alikuwamo Benjamin Mkapa, Rais mstaafu. Hakuwa na jeshi wala cheo cha dola, na neno lake lilisikilizwa.

Katiba yetu ya 2010 imeongeza kufuli juu ya mlango: muda wa Rais hauwezi kubadilishwa bila wananchi kuulizwa kwa kura ya maoni. Uganda ufunguo ulikuwa mikononi mwa wabunge. Kwetu umo mikononi mwa kila mwenye kura, nawe utakuwa mmoja wao utakapotimiza miaka 18. Huenda siku moja ukaombwa uufungue mlango huo kwa ajili ya mtu mwema kweli kweli, mwenye kazi njema asiyoimaliza. Siku hiyo usijiulize juu yake peke yake. Jiulize pia ni nani atakayemfuata, maana mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mwema haumtambui mbaya apitapo.