Kupokewa kwa Sharti: Mtoto Aliye Tofauti katika Hadithi za Ajabu za Watoto, 1870–2011

1.0 Utangulizi

Hadithi nyingi za ajabu za watoto hufuata mkondo mmoja: mtoto anayedharauliwa kwa umbo, rangi au mwenendo wake hukabili hatari, huishinda, kisha hupokewa na wale waliomdharau. Hadithi hizi husifiwa kwa kuwa hufundisha kuwakubali walio tofauti. Makala haya yanadai kwamba sifa hiyo inahitaji kupimwa upya. Katika matini zinazojadiliwa hapa, jamii haimpokei mtoto kwa kuwa ni mtoto. Humpokea kwa sababu ya alichokitenda au kipaji alichonacho. Hoja hiyo haiishii katika fasihi. Tangu katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino wameuawa Tanzania na Burundi kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Panapokuwa na imani ya namna hiyo, ni lazima kuuliza hadithi inampokea mtoto kwa sharti gani.

2.0 Heshima kama Ujira

Mkusanyiko wa ngano za Zanzibar uliochapishwa na Edward Steere huko London mwaka 1870 una kisa cha Sultani Majnuni. Mwanawe wa saba hukaa jikoni, hula ukoko, na hata jina lake, Mkaa Jikoni, ni la dharau. Kaka zake wanaposhindwa kuulinda mtende wa baba yao, yeye hufaulu. Baadaye paka wa sultani anakua na kuwa Nunda, mla watu, na kijana huyo huingia porini kumsaka. Mara kadhaa huleta mnyama asiye Nunda, lakini hakati tamaa mpaka amuue Nunda mwenyewe. Hapo ndipo anapotukuzwa. Masimulizi haya yana huruma kwa aliyedharauliwa, lakini heshima anayoipata ni ujira wa kazi. Ngano haisemi angetendewaje kama angerudi mikono mitupu.

Muundo huo unaonekana pia nje ya hadithi za ajabu. Riwaya ya Ben Hanson, Takadini, iliyotoka mwaka 1997 na kusomwa kwa miaka mingi katika shule za sekondari za Tanzania, inasimulia juu ya mtoto mwenye ualbino ambaye mama yake, Sekai, anamtorosha ili asiuawe kwa mujibu wa desturi. Ugenini, mtoto huyo anajifunza kupiga mbira, na ustadi huo unamsaidia kupata nafasi katika jamii. Kwa mara nyingine, kipaji kinatangulia na utu unafuata.

3.0 Tofauti Inapogeuka Nguvu

Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, aliupindua muundo huo kwa kiasi. Katika Zahrah the Windseeker (2005), iliyopata Tuzo ya Wole Soyinka mwaka 2008, msichana anayechekwa kwa nywele zake za kipekee hugundua kwamba anaweza kupaa. Katika Akata Witch (2011), Sunny Nwazue, msichana mwenye ualbino aliyezaliwa New York na kuhamia Nigeria, huingizwa katika jamii ya siri ambamo kile kinachoitwa kasoro nje ndicho chemchemi ya uwezo wa mtu. Rafiki yake Orlu, anayepata shida katika kusoma, ana kipaji cha kutengua uchawi. Hapa tofauti haifutwi wala kufichwa. Inakuwa sehemu ya nguvu za mhusika.

Hata hivyo, mambo mawili yanahitaji tahadhari. Kwanza, baada ya kuingizwa katika jamii hiyo, Sunny anaweza kucheza mpira juani bila kuungua. Hadithi inamwondolea mzigo ambao mtoto halisi hawezi kuondolewa. Pili, ualbino unahusishwa na nguvu zisizo za kawaida. Kwa msomaji wa mbali, hilo ni jibu zuri kwa dharau. Kwa msomaji wa Shinyanga au Ruyigi, linaweza kukaribiana na imani ileile iliyowafanya watu waitwe “dili” mitaani.

Haki inadai pia kusema kwamba Okorafor ameweka mpaka. Nguvu za Sunny ni zake. Haziwezi kukatwa wala kuuzwa. Mwovu wa riwaya ni mtu anayewateka watoto na kuwatumia katika tambiko. Mpaka huo ndio wenye thamani kubwa ya kufundishia, lakini mwanafunzi hatauona iwapo mwalimu ataishia kusema kwamba kila mtoto ana kipaji chake.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Wakati wa mauaji, watoto wenye ualbino walikusanywa katika shule kama Buhangija, Shinyanga, na Mitindo, Misungwi. Hawakulindwa kwa sababu wana vipaji. Walilindwa kwa sababu ni watoto. Mahitaji yao yalikuwa na bado ni ya kawaida: ulinzi, kofia, miwani, maandishi makubwa, na mafuta ya kukinga jua kama yanayotengenezwa katika Hospitali ya KCMC, Moshi. Mahitaji haya hayaonekani sana katika hadithi za ajabu.

Makala haya hayapendekezi kuziondoa hadithi hizo madarasani. Yanapendekeza mambo matatu. Mosi, taasisi za mitaala ziteue, sambamba nazo, matini ambamo mtoto mwenye ualbino ni mhusika wa kawaida: anagombana, anashindwa mtihani, anasahau kofia, na bado ana mahali pake. Pili, miongozo ya walimu itenganishe bayana nguvu za kubuni za mhusika na imani juu ya mwili wa mtu halisi. Tatu, waandishi wa Kiswahili wahimizwe kubuni safari za ajabu ambazo mwisho wake hautegemei ushindi. Mkaa Jikoni alistahili kuketi na kaka zake kabla ya kumuua Nunda; hadithi itakayosema hivyo kwa watoto wa Afrika Mashariki bado inahitajika.