Jumba la Fox na Ngazi za Nje

Juma hili nakupeleka Atlanta, katika jimbo la Georgia kule Marekani, kwenye barabara iitwayo Peachtree. Hapo pana jumba la sinema ambalo mgeni kutoka pwani yetu akiliona kwa mbali angedhani ni msikiti. Lina kuba, lina mnara, na kuta zake za matofali zimepangwa kwa mistari ya rangi mbili. Lakini adhana haijapata kusomwa humo. Waliolianzisha ni chama cha Shriners, mabwana wa Kimarekani waliopenda kuvaa tarbushi na kuiga mambo ya Mashariki, na wao wenyewe si Waislamu. Gharama zilipowaelemea, wakaupangisha ukumbi kwa tajiri wa sinema, William Fox, na jina lake ndilo lililobaki.

Lilifunguliwa tarehe 25 Desemba 1929, miezi miwili tu baada ya soko la hisa la New York kuporomoka. Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Baada ya wiki 125 milango ilifungwa, na jumba likanadiwa kwa dola 75,000.

Hata hivyo lilifufuka, na watu walikuwa na sababu ya kulipenda. Ukiketi ndani unajiona uko uani, kwenye ngome ya zamani, usiku. Dari ni anga ya samawati yenye nyota 96 za vioo, zilizowekewa taa kwa nyuma. Juu ya roshani limetandazwa kama hema la Mabedui, ila si kitambaa: ni plasta iliyoshikwa kwa vyuma. Kipo pia kinanda kikubwa cha kampuni ya Möller, chenye mabomba 3,622.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya watalii hulipitia mbio. Mtu mweusi hakuingia kwa mlango mkubwa. Alikuwa na dirisha lake la tiketi, akapanda ngazi za nje, akaketishwa huko juu kabisa ya roshani. Nyota alizitazama, lakini zulia la ukumbini hakulikanyaga. Mambo yaliendelea hivyo mpaka mwaka 1962.

Kufikia miaka ya 1970 sinema za katikati ya mji zilikuwa taabani. Weupe wengi walikuwa wamehamia pembezoni, na televisheni ilikuwa imeingia kila nyumba. Mwaka 1974 kampuni ya simu ya Southern Bell ikataka kununua kiwanja, ibomoe jumba na kujenga makao yake makuu. Filamu ya mwisho, mwanzoni mwa Januari 1975, iliitwa The Klansman, yaani mfuasi wa Ku Klux Klan. Angekuwa mtunzi wa riwaya aliyeichagua, tungemwambia amezidisha.

Kilichozuia nyundo ni watu wa kawaida waliopiga kelele, na kibali ambacho jiji lilikataa kukitoa. Meya wakati huo alikuwa Maynard Jackson, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho Atlanta, aliyeanza kazi Januari 1974. Alikulia mjini humo humo, katika miaka ya zile ngazi za nje. Angeweza kusema, na nani angemlaumu, kwamba jumba lililowadhalilisha wazee wake lisimliwe na mtu. Hakusema hivyo. Muda uliopatikana ukatosha kwa chama kiitwacho Atlanta Landmarks kuundwa mwaka 1975 na kukopa benki dola milioni 1.8. Kampuni ya simu ikajenga ghorofa lake nyuma ya jumba. Wanamuziki nao walisaidia. Kundi la Lynyrd Skynyrd lilipiga hapo Julai 1976 kuchangia, na kurekodi santuri. Mwaka 1978 deni likaisha.

Mwaka huo huo, mwezi Januari, ukumbi mwingine wa Atlanta, Loew's Grand, uliungua, ukabomolewa, na ghorofa refu likachukua nafasi yake. Ndiko filamu ya Gone with the Wind ilikoonyeshwa mara ya kwanza, Desemba 1939, na ndiko Hattie McDaniel, mwigizaji mweusi aliyepata tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo, hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya rangi yake. Leo huwezi kumwonyesha mtoto mlango aliozuiliwa. Wakazi wa Dar es Salaam wanaoikumbuka Drive-In, pale uliposimama sasa ubalozi wa Marekani, wanajua kiwanja kinavyosahau upesi.

Fox haikupona kwa mapenzi matupu. Iliacha kuwa sinema ya kila siku, ikapokea tamthilia na muziki, na mapato yakalipa mafundi wake wa plasta na rangi. Moto ulipozuka Aprili 1996, aliyeugundua mapema ni Joe Patten, fundi aliyekifufua kile kinanda na aliyekuwa akiishi ndani ya jumba hadi alipofariki mwaka 2016.

Ukumbi una viti 4,665. Vile vya juu kabisa huuzwa sasa kwa yeyote, na wanaoketi huko ndio walio karibu zaidi na nyota.