Mwenyeji Mwenye Masharti

Akheri iko kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru, juu kidogo ya Tengeru, katikati ya migomba na mibuni. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walipiga hema huko mwaka 1896, na Oktoba mwaka huohuo wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wakauawa. Misheni ilirudi mwaka 1902 na kuweka makao Nkoaranga, jirani tu. Ulutheri ulioenea kuanzia hapo ulikuja na mengi, ila haukuja na orodha ya vyakula haramu. Hata hivyo, kwenye mteremko huu masharti ya chakula hayajawahi kukosekana, na mara nyingi aliyeyabeba si mgeni. Ni mwenye nyumba.

Mfano wa zamani zaidi ni mzazi. Kwa Wameru, kama kwa majirani zao Wachaga, mwanamke aliyejifungua hupewa mtori kwa wiki nyingi. Ndizi mbichi humenywa, huchemshwa na nyama ya mifupa hadi zilegee. Nyama huopolewa, ndizi hupondwa kwa mwiko, kisha supu hurudishwa kidogokidogo, na siagi au maziwa juu, mpaka uji uwe mzito wa kunyweka. Ni lishe ya kurudisha damu na kuleta maziwa. Lakini ndiyo wakati nyumba inapojaa watu wa kuja kumpa hongera, wamebeba sukari, sabuni na mikungu. Nao hujaziwa bakuli kutoka sufuria ileile. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, na hapa mwenyeji kweli yuko kwenye kupona.

Upande wa magharibi wa mlima, kwa Waarusha na Wamasai wa tambarare, sharti lilikuwa gumu zaidi. Maziwa na nyama havikuchanganywa tumboni siku moja, na morani hakula nyama mbele ya wanawake walioolewa wala hakunywa maziwa bila mwenzake wa rika. Hapo mwenyeji hakuulizwa amepika nini tu. Aliulizwa pia nani yupo.

Kisha wakaja watu ambao hakuna aliyewatarajia. Kuanzia mwaka 1942 Waingereza waliwapokea Tengeru Wapolandi takriban 5,000, wengi wanawake na watoto. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti walikuwa wamewahamisha kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan. Wakatoka kupitia Iran, wakavuka bahari hadi Afrika Mashariki. Walikuwa wameijua njaa kwa undani. Ungedhani watu wa namna hiyo, wakipata nyama, hawataiachia hata siku moja.

Lakini wengi wao walikuwa Wakatoliki, na sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwakataza nyama kila Ijumaa na pia mkesha wa Krismasi. Mkesha huo, Wigilia, ndio karamu kubwa ya mwaka kwa Mpolandi. Kwa desturi familia husubiri nyota ya kwanza, hugawana kaki nyembamba ya ngano huku wakitakiana heri, kisha huletwa vyakula kumi na viwili visivyo na nyama: samaki, kabichi, uyoga, supu ya kiazisukari chekundu. Sahani moja huachwa bila mwenyewe, kwa ajili ya mgeni asiyealikwa. Akibisha hodi, atakula walichofunga nacho wenyeji. Sijui desturi nyingine inayounganisha mfungo na ukarimu kwa ujasiri kama huo: meza yenye masharti ndiyo iliyowekewa kiti cha ziada. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na makaburi yao bado yanatunzwa Tengeru.

Wasabato wamelifanya jambo hili la meza yenye masharti kuwa la kila wiki. Kanisa lao lilifika Tanganyika mwaka 1903, likianzia Upare, na leo Chuo Kikuu cha Arusha, kilichopo Usa River, ni chao. Nguruwe hawali, pombe hawagusi, wengi huacha chai na kahawa, na wapo wasiokula nyama kabisa. Kukataa kahawa katikati ya mashamba ya kahawa ni msimamo, si mzaha. Soko la Tengeru huchangamka Jumatano na Jumamosi, lakini Jumamosi ni Sabato, kwa hiyo mama hununua mapema na kupika Ijumaa kabla jua halijazama. Makande ya karanga hulala jikoni. Kesho yake baada ya ibada hupashwa moto, na wageni wa kanisani hula hayohayo.

Kuchinja ni habari nyingine. Mwenyeji Mkristo anayemwita jirani Mwislamu ashike kisu hafuati sharti lake mwenyewe, anabeba la mgeni, na desturi hiyo imelisha misiba na arusi nyingi Tanzania. Wenye masharti tuliowaona hapa hawakupika sufuria mbili, na nadhani walifanya vizuri: mgeni aliyepikiwa kivyake hujiona mgonjwa.

Basi ukialikwa Usa River chakula cha mchana siku ya Sabato, usibebe majani ya chai. Beba parachichi, na usiulize nyama iko wapi.