SEHEMU YA 4: Vipele, Pafu na Figo, Ugonjwa Mmoja Uliochelewa Kutambulika

Leo nachukua ugonjwa mmoja tu wa kurithi, nadra sana, unaitwa Birt-Hogg-Dubé. Nimeuchagua kwa sababu familia moja inaweza kuzunguka kwa daktari wa ngozi, wa kifua na wa figo, na wote watatu wasijue wanatibu kitu kimoja.

Mwaka 1977 huko Kanada, madaktari Arthur Birt, Georgina Hogg na James Dubé waliandika kuhusu ukoo mmoja uliokuwa ukichunguzwa kwa saratani ya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Katika kuwapima wakaona kingine kabisa. Kati ya watu 37 waliozidi miaka 25, 15 walikuwa na vipele vidogo vyeupe, hasa usoni na shingoni. Haviumi. Vinaota mtu akishakuwa mtu mzima, kwa hiyo mtoto ukimtazama huoni chochote. Baadaye ikaonekana saratani ile ya tezi haikuwa hata sehemu ya ugonjwa huu! Vipele ambavyo hakuna aliyevilalamikia ndivyo vikabeba jina.

Zaidi ya miaka 20 ikapita. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliokuwa wakifuatilia familia zenye saratani ya figo waliamua kuwaangalia ngozi pia. Wakakuta vipele vilevile. Na kwenye mapafu, baadhi walikuwa na vifuko vya hewa ambavyo vikipasuka hewa huvuja kifuani na pafu linasinyaa ghafla. Kwetu kijana akibanwa kifua hivyo, wa kwanza kusingiziwa ni TB au pumu.

Mwaka 2002 jeni yenyewe ikapatikana, kwenye kromosomu ya 17. Inaitwa FLCN, na protini yake ni folikulini.

Hapa nitaenda polepole. Jeni ni kama daftari la mapishi ambalo halitoki kabatini. Seli inanakili ukurasa inaoutaka, nakala inapelekwa jikoni, protini inapikwa. Kila mtu ana madaftari mawili, la mama na la baba. Mwenye ugonjwa huu amezaliwa na moja bovu, lakini lile zima linaendelea kupika.

Mwaka 2004 watafiti walipima nakala za jeni hii kwenye tishu mbalimbali. Kwenye uvimbe wa figo wa wagonjwa hawa nakala zilikuwa chache mno, maana pale daftari la pili nalo huwa limeharibika, na seli zinaanza kuzaana bila breki. Lakini kwenye vipele vya ngozi, nakala zilikuwa tele! Yaani ngozi inaelekea haisubiri hasara ya pili kama figo. Mimi hapo ndipo naona utamu wa sayansi: jeni moja, kosa moja, halafu kila kiungo kinaumwa kwa njia yake.

Sasa lile swali la inbox, "nani kaleta?" Anaweza kuwa baba, anaweza kuwa mama, na kila mtoto ana nafasi ya 50% ya kurithi, wa kike au wa kiume. Hakuna ulichokula ukiwa mjamzito kilicholeta, na mama mkwe naye asome hapa.

Jeni haibadilishwi, ila figo zinafuatiliwa kwa picha, hasa MRI. Uvimbe mdogo mara nyingi unaangaliwa tu, ukikaribia sentimita 3 ndipo upasuaji unapangwa, tena wanajitahidi kutoa uvimbe na kuiacha figo. Sigara marufuku, kwa ajili ya mapafu. Na kama kwenu kuna mjomba aliyesinyaa pafu na shangazi aliyetolewa uvimbe wa figo, mtajieni daktari wote wawili siku hiyohiyo, hata kama umempeleka mtu kwa vipele tu.