Maana ya Neno Shujaa na Asili Yake

Wasikilizaji, katika hadithi za Wayunani wa kale zilizotiwa katika Kiswahili, liko neno moja ambalo humtatiza sana msomaji, nalo ni neno "shujaa". Mwanafunzi husoma habari za Achilles, aliyekasirika kwa kunyang'anywa mateka wake, akaketi hemani, akawaacha wenziwe wakiuawa na watu wa Troy. Tena alimtuma mama yake kwa Zeus, mkuu wa miungu, awaombee adui ushindi, ili wenziwe wapate kujua wamemkosea nani. Kisha kitabu chamwita shujaa! Mwanafunzi ana haki ya kuuliza: Je, huu ndio ushujaa?

Jawabu ni kwamba neno la Wayunani silo neno letu. Wao walisema "heros", na kutoka kwao likapita kwa Warumi, hata likafika Uingereza, ambako leo husemwa "hero". Ni neno la zamani mno. Katika mji wa Pylos, kusini mwa Uyunani, vilichimbuliwa vibao vya udongo vilivyoandikwa yapata miaka 3,200 iliyopita. Maandishi yake yalisomeka mwaka 1952, na ndani yake wataalamu wameona jina la mmoja aitwaye "heros mara tatu", akitajwa pamoja na miungu katika kuletewa sadaka.

Katika mashairi ya Homer neno hilo ni kama cheo cha heshima tu. Askari huitwa hivyo, na wafalme, hata Demodocus, mwimbaji kipofu ambaye hakushika mkuki katika hadithi ile. Hesiod naye aliwafanya kuwa kizazi kizima cha watu wa kale, nusu miungu, waliokwisha katika vita vya Thebes na Troy kabla ya kizazi chetu cha chuma.

Lakini katika miji na vijiji vya Wayunani, heros alikuwa zaidi ya mtu wa hadithi. Alikuwa maiti mwenye nguvu. Kaburi lake lilijulikana, na watu walilitolea sadaka wakiamini kwamba aweza kuwalinda akiridhika, na kuwadhuru akikasirika. Huko Phocis palikuwa na kaburi lenye tundu, na damu ya mnyama ilimiminwa humo imfikie aliyelala chini. Kwa sababu hiyo mifupa ya mtu kama huyo ilikuwa mali ya mji. Yapata mwaka 475 K.K. Cimon, jemadari wa Athens, alikwenda kisiwa cha Skyros, akarudi na mifupa mikubwa iliyosemwa kuwa ya Theseus, mfalme wao wa kale, na watu wa Athens wakaipokea kwa shangwe kama kwamba Theseus mwenyewe amerudi. Mtu wa siku zao pia aliweza kufanywa heros. Brasidas, jemadari wa Sparta, aliuawa mwaka 422 K.K. akiulinda mji wa Amphipolis, na wenyeji wakalizungushia kaburi lake ua, wakamfanyia michezo na sadaka kila mwaka.

Huyo Brasidas hata sisi tungemwita shujaa. Ama sasa sikilizeni habari za Cleomedes wa kisiwa cha Astypalaea. Alikuwa mpigana ngumi, na katika michezo ya Olympia, yapata mwaka 492 K.K., alimwua mpinzani wake. Waamuzi wakamnyima ushindi. Akarukwa na akili kwa uchungu, akarudi kwao, akaingia katika chuo kilichokuwa na watoto wapatao 60, akaivunja nguzo iliyochukua dari, na dari ikawaangukia watoto wale. Wenyeji walipomfukuza kwa mawe alikimbilia hekalu la Athena, akaingia ndani ya kasha na kujifungia. Walipolivunja hawakumwona, mzima wala maiti. Wakapeleka watu Delphi kumwuliza mungu Apollo, nao wakaambiwa kwamba Cleomedes ndiye wa mwisho wa ma-heros, na wamtolee sadaka. Nao wakafanya hivyo. Hapana aliyesema kwamba alikuwa mtu mwema. Kilichotazamwa ni nguvu zake za kutisha, na kutoweka kwake kusikojulikana.

Neno letu lina asili nyingine kabisa. "Shujaa" ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni uthabiti wa moyo mbele ya hatari. Halihitaji kaburi, wala damu ya miungu. Mvuvi aweza kuwa shujaa, na mama aliyeingia katika moto kumtoa mtoto. Ndiyo maana Kenya iliweza kulitumia neno hilo katika katiba ya mwaka 2010, ilipoibadili Siku ya Kenyatta, tarehe 20 Oktoba, kuwa Siku ya Mashujaa, wengi badala ya mmoja. Kwa hiyo mimi naona wafasiri wangefanya vema kama wangemwacha Achilles na jina lake la heros, au wamwite jabari. Na kwa mtu mkuu wa hadithi, maana ambayo Waingereza walilipa neno lile katika karne ya 17, Kiswahili kina "mhusika mkuu", nalo latosha.

Hata hivyo pwani yetu ina mtu mmoja ambaye Wayunani wangemtambua mara moja. Fumo Liyongo, wasema wazee wa Pate na Ozi, alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale katika upinde, akafa vivyo hivyo. Watu wa mji hawakujua. Walimwona kwa mbali, wakaogopa kuteka maji, wakakaa na kiu, mpaka mamaye alipokuja kumsihi, na mwili ukaanguka.