Picha ya Kihindi na Msimulizi Wake

Mtoto wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1960 hakuhitaji kutafutiwa na wazazi wake picha za ujana wao. Picha zenyewe zilikuwa bado zipo mjini. Awara ya Raj Kapoor ilitoka India mwaka 1951, Mother India ikafuata mwaka 1957, na zote mbili ziliendelea kurudishwa katika kumbi za pwani miaka mingi baadaye. Mwenye ukumbi alikuwa na hesabu yake: picha iliyomliza mama mara ya kwanza itamrudisha, na safari hii atakuja na watoto, kila mmoja na tiketi yake.

Kumbi zenyewe zilikuwa na umri. Royal, pale Vuga, ilifunguliwa mwaka 1921 katika jengo lililochorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza aliyeacha alama yake kwenye majengo mengi ya Mji Mkongwe. Iliungua miaka ya 1950, na mahali pake ikasimama Majestic. Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Empire, Empress, Cameo na New Chox. Tanga ilikuwa na Majestic yake, Arusha na Metropole. Mapinduzi ya 1964 yalizitia kumbi za Zanzibar mikononi mwa serikali, na Bara Kampuni ya Filamu Tanzania ikaundwa mwaka 1968. Umiliki ukabadilika, Jumapili ikabaki vilevile.

Na Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Siku nyingine kijana angeweza kwenda peke yake kuangalia kauboi au, kuanzia miaka ya 1970, Bruce Lee, akarudi nyumbani akirusha mateke. Picha ya Kihindi ya Jumapili ilikuwa shughuli ya familia. Watu walivaa kama wanaokwenda harusini: kanga ambazo bado zinanukia duka, sari kwa wenye sari, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Tiketi zikiisha dirishani, walanguzi walikuwa nje, na baba aliyekwisha kuwaahidi wanawe hakuwa na la kufanya ila kulipa. Palikuwa pia na maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, ambako kina mama wa pwani waliingia na buibui zao, wadogo mkononi, wakaangua vilio bila kuonekana na mwanamume. Huko ndiko watoto wengi wa kiume walikoiona sinema mara ya kwanza, kabla hawajakua kiasi cha kuzuiwa mlangoni.

Dar es Salaam ilipopata Drive-In mwaka 1966, kule Msasani, mkeka na chakula cha nyumbani vikaingia kwenye sinema. Wenye gari walibeba jamaa zao. Pikapu moja iliweza kumeza watoto wa nyumba tatu.

Lakini picha hizo zilikuwa za Kihindi, tena bila maandishi ya Kiswahili chini. Mtoto wa Ng'ambo au Kariakoo alielewaje? Aliambiwa. Aliyekwisha kuiona picha alimwambia ambaye hajaiona, na aliyejua Kihindi kidogo alimnong'oneza jirani yake, naye jirani akampasia wa pili, hata neno la hakimu likafika mwisho wa safu likiwa limenenepa. Kabla ya hapo hadithi ilikuwa imekwisha kusimuliwa nyumbani, uani au barazani, mwanzo hadi mwisho, nyimbo zikiimbwa kwa maneno yaliyokaribia yale ya asili. Mtoto aliingia ukumbini akijua kila kitu. Alikwenda kuhakikisha.

Awara ilifaa mno kwa kazi hiyo. Hakimu anamfukuza mkewe mja mzito kwa kumshuku. Mtoto anazaliwa mtaani, anakuwa mwizi, na siku ya siku anasimama kizimbani mbele ya baba asiyemjua. Hakimu anaamini kwamba mwana wa mwizi huwa mwizi, na picha nzima inambishia. Wazazi hawakuhitaji kueleza sana kwa nini hadithi hiyo iliwagusa. Kilichokuwa hakisemwi sana ukumbini ni kwamba hakimu alichezwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj, na Raj mdogo alichezwa na Shashi, mdogo wake Raj. Hata babu yao anaonekana, naye amekalia kiti cha hakimu mwingine. Vizazi vitatu vya ukoo mmoja vilikuwa kwenye pazia, vikitazamwa na vizazi vitatu kwenye viti.

Nyimbo zilisafiri mbali kuliko hadithi. Juma Bhalo, mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Mombasa, alijulikana sana kwa kutia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi, hivyo msichana angeweza kuujua wimbo kwa kuusikia harusini, kisha akakua na kukutana na picha iliyouzaa. Pengine huo ndio urithi uliodumu kuliko yote, na haukuhitaji tiketi.

Kilichovunja mpangilio huu ni mkanda wa video. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, na kumbi hazikufa. Bara ilingoja hadi 1994. Katikati hapo video ziliingia majumbani, kisha kwenye vibanda vya mabati na viti vya mbao ambavyo watu waliviita kibanda umiza. Kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine, nyingine zikawa maduka. Pale palipokuwa Drive-In sasa pana ubalozi wa Marekani.

Kibanda kilizaa msimulizi wa kulipwa. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alitafsiri picha za Kihindi, za Hong Kong na za Hollywood kwa sauti yake peke yake, akimsemea stelingi, adui na mama mzazi, huku akichomeka mizaha isiyokuwamo kwenye mkanda. Kenya ikampata DJ Afro. Watu wenye elimu yao waliwadharau, bila haki kwa maoni ya mwandishi huyu: walikuwa wakifanya kwa kipaza sauti kazi ambayo shangazi aliifanya kwa mnong'ono. Tofauti ni kwamba mtoto wa kibandani hakukaa na shangazi. Wazazi wengi waliona kibanda ni mahali pa wahuni, na mtoto alikwenda kwa kutoroka.

Tangu TBC ilipoonyesha mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, watoto wamezoea Mchina, Mturuki na Mhindi wanaozungumza kama watangazaji wa redio. Mzazi anayetaka kuwaonyesha Sholay ya 1975 anaipata kwenye simu bila kulipa, ila inakuja na Kihindi chake na urefu wake wa zaidi ya saa tatu. Kwa hiyo kazi ya kunong'ona imemrudia, na wengi wanaiweza. Wanasimamisha picha, wanaeleza Gabbar ni nani na kwa nini Thakur hatoi mikono nje ya shuka, kisha wanaendelea.

Ugomvi huanza kwenye sarafu. Jai, yaani Amitabh Bachchan, hurusha sarafu kila panapohitajika uamuzi, na siri ya sarafu hiyo hufichuliwa mwishoni kabisa. Mama aliyelelewa na wasimulizi wa Jumapili haoni ubaya wa kuitoa dakika ya ishirini. Kwake, kujua mapema ndiko kulikomfanya alie vizuri. Watoto wake huziba masikio.